Utepe wa Kijani Kitandani kwa Binti Yangu

Walisema hivi: katika wodi ya mifupa, mgonjwa akifungiwa utepe mwekundu kwenye kitanda chake, huyo harudi nyumbani. Sikusikia kwa mtu mmoja. Nilisikia langoni, kwenye foleni yetu sisi tunaongoja saa ya kuona wagonjwa, kila mtu na chupa yake ya chai na kapu lake. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa anamwambia mwenzake, tena bila kushusha sauti, kwamba mjomba wake alifungiwa nyekundu mwanzo wa wiki, na wiki haijaisha wakaitwa kuchukua maiti. Mwenzake akasema kwa jirani yao ilikuwa hivyo hivyo. Mzee mmoja aliyeketi juu ya tofali akaongeza kwamba huo utepe ndio manesi wanajulishana: huyu msihangaike naye.

Jana yake nilikuwa nimemwacha binti yangu mle ndani, na kwenye chuma cha kitanda, upande wa miguuni, palikuwa na utepe mwekundu.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu. Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo mnivumilie penye makosa. Someni mpaka mwisho.

Binti yangu ni kitinda mimba wangu, na ni fundi wa mapazia. Anashona kwa cherehani ya miguu, halafu anakwenda mwenyewe kuyatundika kwa wateja, maana anasema pazia likitundikwa na mtu mwingine linakaa kama nguo ya kuazima. Siku hiyo alikuwa juu ya ngazi katika ofisi ya watu, na chini ni vigae. Ngazi ikateleza. Aliangukia mgongo. Daktari alitwambia mfupa mmoja wa mgongo, pale kiunoni, umevunjika na haujatulia, ila mishipa inayopeleka nguvu miguuni bado ni mizima. Alimkwaruza unyayo kwa kifuniko cha kalamu, vidole vikajikunja.

"Mnaona?" akasema. "Hii ni bahati kubwa. Tunangoja vyuma vifike, tumfanyie upasuaji, tuufunge mfupa. Akitulia kitandani mpaka siku hiyo, atatembea. Akijiinua kabla, siahidi kitu."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lote. Miguu ilikuwepo na ilikuwa inasikia. Kazi yetu sote ilikuwa kuilinda mpaka vyuma vije.

Sasa siku ile ya uvumi niliingia wodini roho juu. Nilikuwa na wifi yangu, yaani shangazi yake binti. Ni mtu mwema, anafua, anapika, anakesha na wagonjwa wa watu, lakini mdomo wake hauna breki. Tulipokuwa kwenye ngazi nilimwambia, "Wifi, tukifika pale yale ya langoni yaishie langoni." Akaniambia, "Mimi? Niseme nini mimi?" Hata kapu hatujaliweka chini, nikamsikia:

"Mwanangu, mbona wamekufungia nyekundu?"

"Kwani nyekundu ina nini, shangazi?"

Nikamfinya. Akanigeukia. "Unanifinyia nini, wifi? Mtoto ana haki ya kujua." Na akayamwaga yote, mjomba wa yule mwanamke, jirani, mpaka mzee wa tofali, tena na chumvi yake juu.

Binti alicheka. "Shangazi, wewe ukiambiwa paka wa jikoni ndiye daktari mkuu utampelekea vipimo." Lakini nilimwona mkono. Ulikuwa umeshika shuka na kulikunja, kulikunja, kulikunja.

Kitanda cha pili alilala mama mmoja muuza vyombo aliyeanguka bafuni kwake akavunja mkono wa kushoto. Wodi nzima walimwita Malkia, kwa sababu kila akiambiwa ajifanyie kitu alijibu kwamba yeye hakuja hospitali kufanya kazi. Kwake palikuwa na utepe wa kijani.

"Hiyo nyekundu mnayoilalamikia," akasema Malkia, "mwenzenu naililia. Wa nyekundu anaogeshwa, anapakwa mafuta, anageuzwa kwa zamu kama chapati. Mimi na mkono wangu mmoja naambiwa, dada, beseni lile pale. Nimeambiwa nivae gauni mwenyewe jana. Nilitokeza kichwa kwenye mkono wa gauni, wodi nzima ikanicheka."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Niliwaacha nikaenda kumtafuta mkuu wa wodi, ambaye watu wanamwita Sista Mkuu.

Nilimkuta katika kile chumba chao kidogo chenye sinki na makabati ya pamba. Akanisogezea stuli.

"Mama, nani amekwambia habari hizo?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa foleni."

Alijisugua macho kama mtu aliyetoka kwenye moshi. Halafu akanieleza pole pole, nami nitaeleza alivyosema, maana mtu mwingine hatawaeleza.

"Tulipokuwa chuoni tulifundishwa nadharia za uuguzi," alisema. Neno nadharia nilikuwa nalisikia redioni tu. Alisema ni mawazo ya wauguzi waliokaa na wagonjwa miaka mingi wakajiuliza, hivi kazi yetu hasa ni nini. Mmoja alisema mpe mgonjwa hewa safi, mwanga, usafi na utulivu, kisha mwili ufanye kazi yake. "Ndiyo maana nimemlaza binti yako dirishani," akasema. Mwingine alisema kila mtu mzima anajitunza mwenyewe: anakula, anaoga, anajigeuza, anakwenda haja. Ugonjwa ukija unamnyang'anya baadhi ya hayo. Muuguzi ajaze pale palipopungua. Akijaza kidogo, mgonjwa anaumia. Akizidisha, mgonjwa anazoea kufanyiwa, anadhoofika, anaganda kitandani.

"Sasa tepe ndizo hizo," akasema. "Mwekundu, mgonjwa asijifanyie lolote, sisi ndio mikono yake na miguu yake. Wa njano, tunagawana kazi. Wa kijani, anafanya mwenyewe, sisi tunamwelekeza na kumtazama."

"Kwa nini msiandike?"

"Imeandikwa, iko kwenye mafaili. Lakini tuko wachache, mama. Leo naazima muuguzi wodi ya watoto, kesho naazima wodi ya macho. Mtu wa kuazima akiingia asubuhi, watu wanataka kuogeshwa, dawa zinangoja, hana muda wa kusoma mafaili ya wodi nzima. Anatazama utepe."

"Na wale waliokufa?"

"Waliokufa walikuwa wagonjwa sana. Ndiyo maana walifungiwa nyekundu. Utepe haukumuua mtu."

Kichwani nilimwelewa. Ningeweza kusimama langoni nikawaeleza wote. Tumboni ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu kule tumboni yule mjomba wa watu alikuwa bado anakufa.

Niliporudi kitandani nilimkuta wifi ameinama miguuni pa kitanda cha Malkia, anafundua fundo kwa meno.

"Mnafanya nini?"

"Biashara," alisema Malkia. "Nimemuuzia jirani kijani changu, naye kanilipa nyekundu yake. Kila mtu kapata alichotaka, hakuna dalali."

Ule mwekundu ulikuwa tayari kwenye kitanda cha Malkia. Wifi akaufunga wa kijani kwa binti, akaunyoosha vizuri kama mtu anayemvika mtoto wa shule.

Niliwaambia. Niliwaeleza yote niliyoambiwa na Sista Mkuu, kwamba nyekundu maana yake uhudumiwe, usijiinue hata kidogo, na wauguzi wa kuazima wanaangalia hiyo tu. Wifi akasema, "Na wewe ulitaka akwambie nini? Akwambie ndiyo, tunawatupa?"

Binti akanishika kidole. "Mama, najua sitakiwi kujiinua. Sitajiinua. Kwani utepe ndio unaonilaza? Nalala mwenyewe. Nataka tu usiwepo pale. Kila nikifumbua macho nauona. Yule wa kitanda cha kona alikuwa nao, na leo asubuhi wamemfunika shuka."

Kengele ikalia. Nilikwenda mbio kwa Sista Mkuu, nikakuta amekwisha itwa chumba cha upasuaji. Muuguzi mwingine alikuwa nyuma ya pazia na mgonjwa anayetapika. Mlinzi akaja kunitoa.

"Naomba kidogo tu, mwanangu, nina neno na sista."

"Mama, kila siku wewe una neno. Ukiliacha likalala, kesho litakuwa limekomaa."

Watu wakacheka. Nikatoka. Wifi alinishika mkono mpaka nje, akiniambia mtoto ametulia, umeona alivyotulia?

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya mapumziko ya Sista Mkuu.

Nilipofika mchana nilikuta kitanda cha dirishani kitupu, godoro limepinduliwa. Utepe wa kijani ulikuwa bado umefungwa. Nilijua, na hakuna aliyeniambia. Malkia alikuwa amekaa kitandani, nywele zake mbichi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno la kunichekesha.

"Yuko hai," akasema kwanza. Namshukuru kwa kuanza na hilo.

Kisha akanisimulia. Asubuhi alikuja muuguzi wa kuazimwa, msichana mpole wa wodi ya watoto, peke yake na mhudumu mmoja. Akatazama tepe. Akaja na beseni kwa Malkia, akaanza kumwogesha, na Malkia akafumba macho, anasikia raha. Yule msichana akamgeukia binti yangu: "Dada, wewe unajiweza. Bafu liko wazi, wahi kabla maji hayajakatika, nakuja kukutazama. Utaweza?"

"Akasema naweza," alisema Malkia.

"Na wewe hukusema kitu?"

"Nilikuwa na sabuni machoni, mama. Na nilijua atakataa. Si aliahidi mbele yetu? Nilikuwa nangoja nimsikie akikataa."

Binti mwenyewe alinieleza siku nyingi baadaye, macho yake yakiwa yamekauka kwa kulia. Alisema alikuwa ameshachoka kusafishwa na watu na kuwekewa bakuli la haja mbele ya wenzake. Alisema alijua fika utepe si wake, lakini mtu mwenye sare akikwambia unajiweza, kuna mahali ndani yako panamwamini. Na mgongo haukuuma, dawa ya maumivu ilikuwa imemkolea.

"Nilisimama, mama," aliniambia. "Nilisimama vizuri kabisa. Nikasema kumbe nimepona, watu hawajui tu. Nikatembea mpaka kwenye sinki. Nilipoinama kufungua bomba ndipo miguu ikaniacha. Sikusikia kuanguka. Niliona tu niko chini, na miguu iko kule, kama ya mtu mwingine."

Walimfanyia upasuaji wa dharura kwa vyuma vya kuazima kutoka hospitali nyingine. Mfupa ukafungwa. Siku ya kutazamwa, daktari alitoa kalamu ileile ya mfukoni akamkwaruza unyayo. Mimi nilikuwa natazama vidole. Nilivitazama mpaka macho yakaniuma. Daktari akakwaruza mguu wa pili. Akarudi wa kwanza. Halafu akairudisha kalamu mfukoni na kutuambia kwamba tutangoja tuone, ila alisema akitazama dirishani.

Tulingoja. Hatukuona kitu.

Kabla ya hapo, Jumatatu, siku moja tu baada ya binti kuanguka, Sista Mkuu alikuja, akasimama kati ya vile vitanda viwili na zile tepe mkononi. Nilidhani atafoka. Aliuliza tu, "Nani?"

Wifi akasema, "Mimi ndiye niliyefunga." Malkia akasema, "Wazo lilikuwa langu." Binti yangu alikuwa chumba cha waliotoka upasuaji, bado hajazinduka kwa dawa, vinginevyo naye angesema.

Sista Mkuu alikaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, jambo ambalo wao wamekatazwa. "Nilikueleza wewe, mama, ndani ya chumba changu," alisema. "Yeye mwenyewe sikumweleza. Nadharia yote ile inaanza kwa mgonjwa kuijua hali yake na kuikubali. Mimi nilimfungia kitambaa miguuni kama mzigo unaosafirishwa. Mzigo ndio hauulizi."

Nilitamani awe mkorofi. Mkorofi ungemchukia ukalala usingizi.

Yule msichana wa kuazimwa nilimkuta siku moja kwenye benchi nje ya ofisi ya utawala, sare yake ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki, anangoja kuitwa. Alinijua. Alisimama akaniamkia, "Shikamoo, mama." Nikamwitikia. Tukabaki tumesimama vile, kila mmoja anatazama viatu vya mwenzake, mpaka wakamwita ndani. Sijui walimfanya nini. Wodini sikumwona tena, wala kule kwa watoto hawakunipa jibu la maana.

Tepe zimeondolewa. Sasa pale hakuna rangi yoyote, na muuguzi wa kuazima akiingia anauliza wagonjwa wenyewe, "Wewe unajiweza?" nao wanajibu wanavyojisikia siku hiyo. Na langoni mnajua wanasemaje? Wanasema, si mnamkumbuka yule fundi wa mapazia, alifungiwa nyekundu, wakajaribu kuificha kwa kijani, haikusaidia. Nilisikia kwa masikio yangu nikiwa kwenye foleni, kapu mkononi. Nilijaribu kuwaambia ilivyokuwa. Mwanamke mmoja akanipa pole, kisha akamnong'oneza mwenzake, "Ni mama yake, lazima atetee."

Nyumbani tuko wawili. Wifi haji tena. Anatuma sabuni na unga kwa watu, yeye mwenyewe akifika kona ya nyumba anageuka. Nilimfuata nikamwambia njoo, mtoto anakuuliza. Akasema atakuja. Mdomo uliokuwa hauna breki siku hizi haufunguki.

Kabla ya kuruhusiwa, Sista Mkuu alinifundisha kumgeuza, kumtazama ngozi ya makalio na visigino, kumbadilisha mpira wa mkojo. Akanikanya sana: "Mikono yake ni mizima, mama. Achane nywele mwenyewe, ale mwenyewe, ajisukume kwa mikono ainue makalio mara kwa mara, vinginevyo atapata vidonda. Usimfanyie analoliweza, hata moyo ukikuuma." Nilimwahidi.

Binti hataki. Nikimpa chanuo analiweka juu ya shuka. Nikimwambia jisukume kidogo, mwanangu, ananiuliza ili iweje. Cherehani aliomba itolewe chumbani. Kila alipolitazama lile kanyagio alifunika uso. Nimeihamishia jikoni nikaitandikia kitambaa. Nilimwambia zipo za kuzungusha kwa mkono, akanijibu, "Na ngazi ya kuzungusha kwa mkono ipo?" Ilikuwa kama mzaha, nikafurahi, nikajua anarudi. Kumbe hakuwa anatania.

Basi nachana mimi. Namlisha mimi. Najua kabisa ninavyovunja lile nililoahidi, na kila nikiinua kijiko naisikia sauti ya Sista Mkuu, lakini mtoto asipokula nifanye nini, nimtazame? Wiki iliyopita nimeona pekundu chini ya kiuno. Jana pamefunguka. Ni padogo, kama jicho. Kliniki wanasema nimlete, na gari la kumlaza chali sijapata. Leo nimembadilisha upande tangu asubuhi, na kila nikimgeuza anakaa vile nilivyomweka, hanisaidii wala hanizuii.

Sina la kuwafariji. Nina haya tu, muyaepuke:

Kugusa, kufungua au kuhamisha chochote kilichofungwa kwenye kitanda cha mgonjwa, hata kama ni kitambaa tu.

Kumpelekea mgonjwa habari za langoni.

Kwenda na ndugu asiyeweza kunyamaza, hata akiwa mtu mwema.

Kutoka wodini na neno ambalo hujalisema. Mlinzi acheke, wewe kaa chini hapo hapo mpaka muuguzi aje.

Kukubali kuelezwa wewe peke yako. Omba mgonjwa aelezwe naye, kwa maneno anayoyaelewa, na arudie kwa mdomo wake.

Kujibu "naweza" kwa sababu ya haya. Jibu "sijui, uliza faili."

Kuona aibu kuogeshwa au kuwekewa bakuli.

Kudhani umepona kwa sababu hauumwi, wakati umepewa dawa ya maumivu.

Kumfanyia mgonjwa kila kitu kwa huruma wakati mikono yake ni mizima.

Kumlaza upande mmoja kutwa nzima.

Kungoja kidonda kikue ndipo utafute gari.